Jiko la Animal Kingdom Lodge: linastahili bei yake kwa nani?

Jiko ni mgahawa wa jioni ulio ndani ya Disney's Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Walt Disney World, eneo kubwa la burudani lililo kusini-magharibi mwa jiji la Orlando, Florida. Ulianza pamoja na hoteli yenyewe mwaka 2001, na hapo hotelini ndio mgahawa wa bei ya juu. Watu wazima wawili wakiagiza kwa kiasi, bili haishuki sana chini ya dola 200. Wakinywa mvinyo, 250 inafika bila jasho. Kwa pesa hizo mtu ana haki ya kuuliza maswali kabla hajavuta kiti.

Jibu letu ni hili. Jiko linawafaa watu wazima wawili au wanne wanaopenda nyama, wanaokunywa mvinyo au angalau wanaojali upishi wa utulivu, na walioitenga jioni nzima kwa ajili ya chakula. Haliwafai wazazi wenye watoto watatu waliochoka baada ya kutwa nzima ya kutembea juani. Halimfai anayetaka kula huku akitazama twiga, kwa sababu madirisha ya Jiko hayaelekei kwenye uwanda wa wanyama. Wala halimfai aliyepatwa na hamu ya chakula cha nyumbani baada ya miaka mingi Marekani.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo, maana ndiko wasomaji wetu wengi wanakovunjika moyo. Majina ya mahali hapo yanakuandaa kwa jambo lingine kabisa: jengo kuu ni Jambo House, la pili Kidani Village, uwanda mmoja wa wanyama unaitwa Arusha na mwingine Uzima, duka ni Zawadi, bafe ni Boma. Mtu wa Tanga au Mombasa akiyasoma hayo akiwa na njaa atategemea pilau, samaki wa kupaka, mchuzi mzito wa nazi. Menyu ya Jiko inaelekea kwingine. Ladha zake zinatoka zaidi Afrika Kusini na nchi jirani, halafu Moroko, na mara moja moja Uhabeshi: chakalaka (mchuzi mkali wa mboga), pap (ugali wa kusini), seswaa ya Botswana (nyama iliyopikwa taratibu na kupondwa), viungo vya tajini (kitoweo cha chungu cha Moroko), berbere (mchanganyiko wa pilipili na viungo wa Uhabeshi). Na hizo zenyewe huja kama mapambo na michuzi kuzunguka kipande kizuri cha nyama kilichopikwa kwa ufundi wa mgahawa wa kifahari wa Kimarekani. Ukiingia ukilijua hilo, utakihukumu chakula kwa haki. Usipolijua, utakula sahani nzuri ukiwa na kinyongo.

Tuanze na pesa, kwa sababu menyu haikuonyeshi jumla. Bei hubadilika kila baada ya miezi kadhaa, lakini viwango vya miaka ya karibuni ni hivi: vitangulizi dola 15 hadi 22, mlo mkuu kati ya 40 na 65, kitindamlo kati ya 12 na 15, glasi ya mvinyo kuanzia yapata 14. Chukua watu wawili wanaogawana vitangulizi viwili vya dola 20, kila mmoja akala mlo mkuu wa dola 55, wakagawana kitindamlo cha 14, na kila mmoja akanywa glasi moja ya dola 16. Hiyo ni dola 196. Kodi ya mauzo ya Orange County, kaunti iliko hoteli, ni asilimia 6.5, yaani dola 12.74. Bakshishi ya asilimia 20, inayohesabiwa kabla ya kodi, ni dola 39.20. Jumla inakuwa dola 247.94. Kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola, hizo ni karibu shilingi 32,000. Toa mvinyo, na jumla inashuka hadi dola 207 na senti.

Wageni kutoka nyumbani huwa wanaiona bakshishi kama hisani. Huko ni sehemu ya mshahara. Sheria ya Florida inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 3.02 pungufu ya kima cha chini cha saa, kwa kutegemea kwamba wateja watajaza pengo. Asilimia 18 ni ya kawaida, 20 ni ya huduma nzuri. Mkiwa sita au zaidi, asilimia 18 huongezwa moja kwa moja kwenye bili, kwa hiyo angalieni mstari huo kabla ya kuandika nyingine juu yake. Watu hulipa mara mbili bila kujua.

Sasa chakula. Ndani ya ukumbi utaona matanuri mawili makubwa ya kuni, wazi kabisa mbele ya wageni, na hayo ndiyo roho ya mgahawa. Agizo lolote lililopitia moto huo lina nafasi kubwa ya kukufurahisha. Sahani iliyojengwa juu ya mapambo matupu ina nafasi ndogo. Ukiishika kanuni hiyo moja utaisoma menyu hata ikibadilishwa, na hubadilishwa mara kwa mara kufuata msimu.

Sahani iliyolipatia Jiko jina kwa miaka mingi ni sarara ya ng'ombe iliyochomwa kwa moto wa mwaloni, ikiandamana na makaroni ya jibini na mchuzi wa mvinyo mwekundu. Inastahili sifa zake, kwa sharti moja: iagize nusu kuiva. Sarara ni msuli usiofanya kazi ngumu katika mwili wa ng'ombe, kwa hiyo ni laini lakini haina mafuta ya kuilinda. Ikipita kiwango cha kati, maji yake yanatoka na unabaki na kipande kikavu cha dola 60. Wengi wetu tumekulia kwenye nyama iliyoiva kabisa, na hakuna aibu katika hilo. Ila mtu wa namna hiyo asiagize sarara. Aangalie kama kuna mbavu fupi za ng'ombe zilizopikwa taratibu, ambazo Jiko limewahi kuziandaa kwa mtindo wa seswaa. Nyama ya mbavu ina nyuzi nyingi za kolajeni, na nyuzi hizo zinahitaji saa kadhaa za moto wa chini ili ziyeyuke ziwe ule utelezi mtamu unaoshika midomo. Nyama ya hivyo imeiva hadi ndani, haina wekundu wowote, na bado ni laini. Bei yake pia mara nyingi iko chini kidogo.

Makaroni ya jibini yanayoletwa na sarara ni mazito. Mtu aliyekwisha kula kitangulizi hawezi kuyamaliza, na kosa kubwa la meza nyingi pale ni kushiba kabla ya mlo mkuu. Chanzo chake ni ile sahani ya kugawana ya vichovyo na mikate. Ni nzuri, inafaa kwa watu wawili hadi wanne, lakini watu wawili wakiimaliza peke yao wanakuwa wamekwisha kula chakula cha jioni. Kama mko wawili, chagueni ama vichovyo ama kitangulizi cha nyama, kisha mgawane. Kwa wanaokula nguruwe, kitangulizi cha nguruwe mwitu aliyepikwa kwenye moto, pamoja na pap na chakalaka, kimekuwa kwenye menyu kwa muda mrefu kwa sababu nzuri: ukali wa chakalaka unakata mafuta, na pap, iliyopikwa laini kuliko ugali wetu, inashika mchuzi wote. Ndiyo sahani ambayo Afrika yake inasikika waziwazi mdomoni.

Samaki ni jambo la kubahatisha. Florida ina samaki wazuri na mpishi anajua kumwacha akiwa na maji yake, ila michuzi ya hapo hupenda utamu, na samaki mweupe mwepesi hupotea chini yake. Mwambie mhudumu akuletee mchuzi pembeni. Wanaokaa mbali na nyama wana sahani yao ya mboga, iliyotungwa kwa uangalifu, lakini kulipa bei ya Jiko kwa ajili yake ni vigumu kutetea wakati Sanaa, mgahawa wa jengo la pili, unafanya mboga vizuri zaidi kwa pesa pungufu.

Kuna malva pia, ile keki ya Afrika Kusini ya jamu ya aprikoti inayomiminiwa mchuzi wa krimu ikiwa bado na moto. Ukiikuta kwenye menyu, agiza moja mgawane. Vitindamlo vingine ni vya kupendeza macho, na hapo ndipo mahali rahisi pa kubana bili bila kuumia: ghorofa ya chini ya Jambo House kuna The Mara, mkahawa wa kujihudumia, unaouza vile vidonge vya krimu vilivyofunikwa chokoleti yenye mistari ya pundamilia, maarufu kwa jina la Zebra Domes. Ni sehemu ndogo ya bei ya kitindamlo cha Jiko. Tahadhari kwa wasiotumia kileo: krimu yake hutiwa Amarula, pombe tamu ya krimu ya Afrika Kusini.

Mvinyo ndio sababu ya pili ya kuja hapa, na kwa anayejali jambo hilo huenda ni ya kwanza. Orodha ya Jiko imejengwa juu ya mvinyo wa Afrika Kusini, na ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa ya mvinyo wa nchi hiyo katika migahawa ya Amerika Kaskazini. Hii ina maana ya vitendo. Mahali pengi Marekani utakuta chupa moja au mbili za Cape, zile zile za dukani. Hapa unaweza kulinganisha. Chenin Blanc, zabibu inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini, ina uchachu unaovumilia viungo na pilipili, kwa hiyo ianze na vichovyo au chakalaka. Pinotage ni mbegu ya zabibu ya nyumbani kwao: mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliipata Stellenbosch, mji wa mvinyo wa Afrika Kusini, mwaka 1925 kwa kupandanisha zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Ikitengenezwa vizuri ina moshi na matunda meusi, na inakaa vyema na nyama iliyopita kwenye kuni. Ikitengenezwa vibaya ina harufu kali inayokaribia rangi ya nyumba, na ndiyo maana usiagize chupa nzima kabla ya kuonja. Omba mhudumu akuonjeshe, au uliza kama kuna vionjo vya glasi ndogo ndogo. Kwa sarara, mchanganyiko wa Cabernet na Merlot kutoka Stellenbosch ni chaguo lisilokosea.

Kumbuka tu kwamba chupa mgahawani huuzwa kwa mara mbili au tatu ya bei ya dukani. Watu wawili wanaokunywa glasi mbili kila mmoja wapige hesabu ya chupa kwanza. Chupa ina glasi tano, na mara nyingi hapo ndipo unafuu unapoanzia. Mkinywa moja moja, kaeni kwenye glasi.

Na asiyekunywa je? Mtu huyo anaikosa sehemu kubwa ya kile kinacholifanya Jiko litofautiane na mgahawa mwingine wowote wa nyama wa Orlando. Tunalisema bila kuzunguka, kwa sababu wasomaji wengi wa pwani ni Waislamu na wanahitaji kulijua kabla ya kuweka nafasi. Zaidi ya hilo kuna maswali ya jikoni. Sarara huja na mchuzi wa mvinyo. Nguruwe mwitu na ng'ombe wanapikwa katika jiko moja. Nyama ya kawaida ya mgahawa usichukulie kuwa ni halali; uliza. Njia sahihi ni kuandika hitaji lako wakati wa kuweka nafasi, si kulitaja ukiwa umeketi. Walt Disney World ina utaratibu wa kushughulikia mzio na mahitaji ya dini, na wapishi wakijua mapema wanaweza kukuambia wazi lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Ukifika bila kusema, utabaki na samaki, mboga na kuomba mchuzi utolewe. Huo ni mlo unaoweza kuupata kwingine kwa nusu ya bei.

Ukumbi wenyewe ni mzuri. Taa zimetengenezwa kwa umbo la ndege wanaoruka chini ya dari ya buluu, na ukuta wa nyuma hubadilika rangi polepole kama jua linalozama. Lakini ni ukumbi mmoja mkubwa ulio wazi, na sauti inarudi. Kati ya saa moja na saa mbili na nusu usiku kunakuwa na kelele, watoto wakiwemo, kwa kuwa hii ni hoteli ya familia hata kama mgahawa ni wa kifahari. Anayekwenda kuposa au kuadhimisha ndoa aombe meza ya pembeni, mbali na njia ya wahudumu, na aombe kwa maneno hayo hayo. Meza za karibu na matanuri ni za kusisimua kwa anayependa kuona kazi ya wapishi, na za joto kwa wengine wote.

Kitu kingine kinachoharibu jioni ni mwendo. Jiko la mgahawa wa mapumziko linafanya kazi kwa kugeuza meza, yaani kuziandaa upesi kwa wageni wengine, na usiposema lolote unaweza kuletewa mlo mkuu kitangulizi kikiwa nusu. Tiba ni rahisi: agiza vinywaji na kitangulizi peke yake, rudisha menyu moja tu, na mwambie mhudumu mtaagiza mlo mkuu baadaye. Hakuna anayechukia. Ukiagiza vyote kwa mpigo, jikoni wanaanza kuhesabu dakika.

Wanyama ni suala la saa. Hoteli hiyo imezungukwa na nyanda wanamotembea twiga, pundamilia, ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa na wengine wengi, na mwenye nafasi ya chakula hahitaji kuwa mgeni wa hoteli wala kununua tiketi ya bustani yoyote ya burudani ya Disney ili awatazame. Nyuma ya ukumbi wa mapokezi wa Jambo House kuna njia inayotoka hadi Arusha Rock, mahali pa kutazamia uwanda wa Arusha. Ila lazima kuwe na mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la Orlando linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Mwishoni mwa Desemba linazama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa hiyo wakati wa kiangazi meza ya saa moja na nusu inafaa: unafika saa kumi na mbili, unatembea, kisha unakula. Desemba, fika saa kumi alasiri au mapema zaidi, tazama wanyama, na chukua meza ya mapema kabisa, kwani Jiko hufungua karibu saa kumi na moja jioni. Mtu anayefika Desemba saa mbili usiku amelipia gharama ya safari yote na kuiacha nusu yake gizani.

Hapo mapokezi, tenga pia dakika chache kwa Ijele, kinyago kikubwa cha Waigbo kilichosimama ukumbini. Mkusanyo wa sanaa wa hoteli hii ni wa kweli, na wafanyakazi wengi waliotoka nchi za Afrika hufurahi kuueleza. Kuna siku utajibiwa kwa Kiswahili safi.

Ulinganisho wa haki ni na majirani wa Jiko wenyewe. Sanaa, iliyofunguliwa mwaka 2009 pamoja na Kidani Village, inapika vyakula vya Kiafrika vilivyoshikwa mkono na Uhindi, na kwa hiyo ladha yake iko karibu zaidi na pwani yetu kuliko chochote cha Jiko. Sahani yake ya mikate, yenye naan, kulcha na paratha pamoja na vichovyo na achari tisa, ni dola ishirini na kitu na inawatosha watu watatu kama kitangulizi. Milo mikuu iko kati ya dola 25 na 40. Madirisha yake yanatazama uwanda moja kwa moja, na unafungua mchana. Chakula cha mchana cha Sanaa, mezani karibu na dirisha, watu wawili, bila kileo, kinaweza kukutoka kwa dola 90 au 100 pamoja na bakshishi. Kwa mtu anayekwenda hotelini hapo mara moja tu maishani na hanywi mvinyo, tunamwambia bila kusita aende Sanaa mchana. Aangalie tu kwamba usiku wa majira ya baridi dirisha la Sanaa ni kioo cheusi, na faida yake kubwa inaondoka.

Boma ni bafe, mlango wa pili kutoka Jiko. Ndio mahali pa familia: supu za aina nyingi, nyama za kuchoma, bobotie (nyama ya kusaga ya Afrika Kusini iliyookwa na mayai juu), vyakula vya watoto, na hakuna kusubiri. Bei ya mtu mzima kwa jioni imekuwa karibu dola 60, kwa hiyo mla kidogo anapoteza na mla sana anapata. Vijana wa kiume wapelekwe Boma.

Wapo wanaouliza kama ni bora waongeze pesa waende Victoria & Albert's, katika hoteli ya Grand Floridian. Hicho ni kitu kingine. Mgahawa huo ulipofunguliwa upya Julai 2022 menyu ya ukumbi mkuu ilikuwa dola 295 kwa mtu, kabla ya vinywaji, kodi na bakshishi, na mwaka 2024 ulipata nyota ya Michelin, tuzo ya kimataifa ya migahawa bora. Watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi, mavazi ni rasmi, na mlo unachukua saa tatu. Watu wawili wasiokunywa chochote walilipa dola 590, kodi dola 38, bakshishi dola 118: jumla 746. Kwa kiasi hicho unakula Jiko mara tatu. Anayependa ufundi wa sahani ndogo nyingi na ukimya atapata thamani yake kule, na Jiko haliwezi kumridhisha. Anayetaka kushiba nyama nzuri na kuzungumza kwa sauti na mwenzake asihangaike kwenda.

Kuweka nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, kupitia programu au tovuti ya Disney, na utadaiwa namba ya kadi. Usipotokea, hutozwa ada ya dola 10 kwa kila mtu, kwa hiyo kama mipango imebadilika futa mapema. Ukikosa saa unayoitaka, rudi kutazama siku moja au mbili kabla ya tarehe, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Ndipo wengi wanapofuta. Hakikisha pia tarehe yako haikuangukia kipindi cha ukarabati, kwani hoteli hizi hufunga migahawa kwa wiki au miezi na tangazo huwa tovutini mapema. Mavazi si magumu: shati lenye kola au gauni la heshima linatosha, lakini nguo za kuogelea na nguo zilizochanika hazikubaliki.

Usafiri umewashinda wengi. Animal Kingdom Lodge iko pembezoni, na mabasi ya Disney yanakwenda kutoka bustani hadi hoteli, si kutoka hoteli moja hadi nyingine. Aliyelala hoteli nyingine ya Disney itambidi apande basi hadi bustani, kisha abadilishe, na safari hiyo inaweza kula zaidi ya saa nzima. Teksi ya programu ya simu, kama Uber, inaokoa jioni. Mwenye gari aonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa nafasi getini. Maegesho kwa mwenye nafasi ya chakula hayalipiwi, na nyakati za likizo asiye na nafasi hurudishwa.

Kwa anayesita bado, iko njia ya kati. Ndani ya Jiko kuna baa yake, Cape Town Lounge and Wine Bar, yenye viti vichache, ambapo mara nyingi unaweza kuketi bila nafasi na kuagiza vitangulizi kutoka jikoni lile lile. Vichovyo, glasi moja ya Chenin Blanc, moja ya Pinotage, kwa watu wawili, haifiki dola 75 pamoja na kodi na bakshishi. Fika dakika ile ile wanayofungua, kwa sababu viti vikijaa havitoki upesi.